Saileji Nyuma ya Kochi

Usiku wa tatu baada ya Krismasi ya mwaka 2012, mama aliamka akasema kuna kitu kinapumua sebuleni. Baba akamwambia alale, ni panya tu. Mama akajibu kwamba panya hapumui namna hiyo. Akawasha koroboi, akatoka chumbani, nami nikamfuata kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuamka. Nyuma ya kochi kubwa, mfuko wetu wa saileji ulikuwa umevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani yenye umande. Pale ulipofungwa, hewa ilikuwa ikitoka kwa mlio mwembamba, inakoma, kisha inatoka tena. Chini yake maji meusi-meusi, kama kahawa iliyozimuliwa, yalikuwa yametambaa hadi mbele ya kochi, na vitambaa vya mama vilivyoning'inia karibu na sakafu vilikuwa vimeyanywa yote.

Mama hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda akavitazama. Vitambaa vile alivifuma kwa mkono kwao Nkubu, Meru, kabla ya kuolewa, akavileta Embu ndani ya sanduku la bati. Na siku iliyokuwa ikikucha ndiyo siku ambayo wanawake wa chama chake walikuwa waje kwetu kugawana akiba ya mwaka. Zamu ya kuwapokea ilikuwa yake.

Ili kueleza jinsi chakula cha ng'ombe kilivyofika sebuleni, sina budi kuanza na televisheni.

Nyumbani kwetu ni upande wa juu wa Runyenjes, pale kahawa inapoanza kukutana na chai. Umeme haukuwa umefika. Tulikuwa na Greatwall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari. Betri ikiisha, kaka yangu aliifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaishusha sokoni kuchajiwa, na kesho yake akaifuata. Antena tuliifunga juu ya mti mrefu uliochimbiwa kando ya parachichi. Upepo ukiigeuza, mmoja wetu alitoka kuuzungusha ule mti huku mwingine akiwa dirishani akipaza sauti: hapo, hapana, rudi kidogo, hapo hapo, usiguse tena! Bado nausikia mlio wa vijiti vya chuma vikikwaruzana juu ya antena, na bado nakumbuka jinsi picha ilivyotulia ghafla kama maji ya mtungi.

Betri ni kitu kinachohesabiwa. Kwetu haikuwezekana kuwasha televisheni ikaachwa iongee yenyewe. Baba alikata shauri mapema: taarifa ya habari mara moja moja, na Jumapili baada ya kanisa, Shamba Shape Up.

Kipindi hicho kilianza kuonyeshwa kwenye kituo cha Citizen mwaka 2012, na kilitengenezwa na Mediae, watu walewale wa mchezo wa Makutano Junction. Watangazaji wawili, Naomi Kamau na Tonny Njuguna, walifika kwenye shamba dogo la mtu, wakakaa naye siku kadhaa pamoja na wataalamu wa udongo, wa mifugo na wa mimea, wakasikiliza shida zake, kisha wakakunja mikono ya mashati yao. Banda likajengwa upya. Kuku wakachanjwa. Mahindi yakapandwa kwa mstari. Baba alimfahamu Tonny tangu enzi za vichekesho vya Redykyulass, alipokuwa na Walter Mong'are na John Kiarie, na mara ya kwanza kumwona amechuchumaa zizini, aligeuka akatuambia, "Mnaona? Huyu ni yule aliyekuwa akituchekesha. Sasa anafanya kazi." Alilisema kwa heshima kubwa.

Kilirushwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na sisi tulishika cha Kiswahili kwa ajili ya Cucu. Cucu, mama yake baba, aliishi katika nyumba yake ya mbao hatua chache kutoka yetu. Yeye alisema Kiembu, mama alisema Kimeru, na ingawa lugha hizo ni ndugu na kila mmoja alimwelewa mwenzake, kulikuwa na maneno yaliyowapita pembeni. Kiswahili cha Jumapili kiliwaketisha kwenye kochi moja. Cucu alimwita kaka yangu "mume wangu", kama wanavyoitwa wajukuu wa kiume kwetu. Mimi ni binti wa kwanza na nilipewa jina lake, hivyo kila aliponiita alikuwa akijiita mwenyewe.

Nilikipenda kipindi kile kwa sababu ambayo nikiwa na miaka 11 nisingeweza kuitaja. Shuleni tuliambiwa tusome kwa bidii tuondoke shambani. Hapa palikuwa na watu wazima waliovaa vizuri, wamepiga magoti kwenye shamba lenye ukubwa kama letu, wanamuuliza mama aliyefanana na mama yangu ng'ombe wake anatoa maziwa chupa ngapi, na jibu lake wanalisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyemcheka. Mama alikuwa amekua na Tembea na Majira ya redioni, mchezo uliowafunza wakulima kwa kisa cha kubuni, na alisema tofauti ni kwamba sasa anaiona mikono. "Redio inakwambia fukia samadi. Hii inakuonyesha jembe linaingia wapi."

Baada ya kila kipindi, sisi tulifanya. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba yetu. Tulipoona sanduku la kulelea vifaranga, lile la mbao linalojazwa nyasi kavu pembeni ili joto la vifaranga wenyewe lisipotee, baba alipasua kitanda kilichovunjika, kaka akakata nyasi, na vifaranga wetu wakalala humo bila jiko la makaa. Walikua. Kufaulu huko kulitupa ujasiri mkubwa, na ndio uliotufikisha kwenye saileji.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja, Kairu, mweusi mwenye mabaka meupe. Kwetu mvua ni mbili, ndefu kuanzia Machi na fupi kuanzia Oktoba, na katikati ya Januari na Machi nyasi za nepia hukauka zikawa kama fimbo. Kila Februari maziwa ya Kairu yalishuka. Baba alizunguka na panga akitafuta majani kwenye kingo za mito, na mama alipunguza maziwa ya chai ya asubuhi ikawa nyeupe kidogo tu. Kwa hiyo siku Shamba Shape Up ilipoonyesha jinsi ya kuhifadhi majani ya wakati wa mvua ndani ya mfuko wa nailoni ili yaliwe wakati wa kiangazi, hakuna aliyepepesa macho sebuleni.

Tuliona nepia ikikatwa ikiwa na urefu wa kama mita moja. Tuliiona ikikatwakatwa vipande vifupi. Tuliona molasi ikichanganywa na maji na kunyunyizwa juu yake. Tuliona mfuko mrefu umefungwa upande mmoja na majani yakianza kutiwa ndani. Hapo betri ikaanza kufa. Aliyewahi kutumia televisheni ya betri anajua: picha haizimiki mara moja, inajivuta kutoka pande zote nne, watu wanakuwa wadogo, giza linawazunguka, sauti inakuwa nzito, kisha kinabaki kidoa cheupe katikati ya kioo. Tulikisogelea kile kidoa kana kwamba tungeweza kuona ndani yake. Kikazima.

Kilichobaki tulikimaliza kwa mjadala. Baba alisema waziwazi kwamba wanajaza, wanafunga, basi. Mama alisema kuna jambo la siku kadhaa lilikuwa linakuja, maana yule mtaalamu alikuwa ameinua vidole. Vidole vingapi? Kaka alisema vitatu. Siku tatu, wiki tatu au miezi mitatu? Kipindi kiliwaalika watazamaji kutuma ujumbe wa simu ili watumiwe kijikaratasi cha maelezo kwa posta, na baba akatuma kwa anwani ya kanisa. Lakini majani yalikuwa shambani tayari, marefu, mabichi, na shule zilikuwa zimefungwa. Tuliamua kutosubiri.

Mjomba, kaka yake mama, alitoka Nkubu na molasi ndani ya mtungi na karatasi ya nailoni nene aliyoinunua Meru mjini. Ilikuwa siku ya mkesha wa Krismasi. Mvua fupi za mwaka ule zilikuwa bado hazijatuaga, na nepia tuliyoikata asubuhi iliingia mfukoni ikiwa inadondoka maji. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Majani hutakiwa kuanikwa kidogo yanyauke, kwa sababu maji yakizidi huvuja yakabeba sukari, na sukari ndiyo inayohitajika. Hatukujua. Tulifurahi kwamba yalikuwa mabichi.

Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka minne, alioshwa miguu kwa sabuni akatiwa ndani ya mfuko ili akanyage. Naiona picha hiyo wazi kuliko picha yoyote ya utoto wangu: kichwa chake kikitokeza juu ya nailoni, mama akimshika mikono, yeye anaruka na kuimba, majani yanashuka chini yake na molasi inampaka mpaka magotini. Nyuki walikuja. Cucu alikuja pia, akasimama na fimbo yake, akatazama muda mrefu bila neno.

Mfuko wa kwanza ulijaa. Majani ya mfuko wa pili tuliyaacha yamesambaa kwenye baraza ya Cucu kwa sababu ya giza, na siku iliyofuata ilikuwa Krismasi, hakuna aliyeyagusa. Tulipoyarudia, Cucu alisema mfuko huo ataufunga yeye. Alichukua majani mkononi, akayafinya, akasema, "Haya sasa yanafaa. Yale ya kwanza yalikuwa kama unga uliotiwa maji mengi." Akamwambia mtoto akanyage polepole, upande kwa upande. Mfuko ulipojaa aliuketia. Aliuketia kabisa, kwa uzito wake wote, mpaka hewa ikaisha, huku ameshika mdomo wa mfuko kwa mikono miwili, kisha akaufunga kwa kamba ya mkonge mizunguko ambayo sikuihesabu. Akaagiza ukokotwe hadi kwenye pembe yenye giza ya nyumba yake, pale alipoweka vibuyu vyake. Akaufunika kwa gunia na juu ya gunia akaweka jiwe.

Ule wa kwanza baba hakutaka kuuweka ghalani. Ghala lilikuwa na panya, na panya akitoboa nailoni kazi yote inapotea. Zizini kulikuwa na matope. Akazungusha macho uwanja mzima, na mwishoni akasema mahali palipo salama zaidi katika boma hili ni sebuleni. Mama alimtazama. Baba akasema ni wiki chache tu. Wanaume watatu walilikokota lile furushi hadi nyuma ya kochi, na usiku ule wa kwanza tulilala tukijivuna kwamba chakula cha Februari kiko ndani ya nyumba.

Jambo moja lazima niliseme bila kuzunguka, kwa sababu nimekuja kulisoma nikiwa mtu mzima. Saileji changa hutoa gesi, hasa siku za mwanzo, na baadhi ya gesi hizo huweza kumdhuru mtu vibaya sana akiwa mahali pasipo na hewa. Mfuko wake hauwekwi chumbani wala sebuleni. Nyumba yetu ilikuwa na nafasi kubwa kati ya ukuta na mabati, upepo ulipita humo usiku kucha, na ninamshukuru Mungu kwa upepo ule.

Alfajiri ile mama aliloweka vitambaa, akavifua, akavianika, akavifua tena. Doa lilififia, harufu haikutoka. Haikuwa harufu ya mavi wala ya majani. Ilikuwa harufu kali ya kitu kilichoanza kuharibika huku bado kina utamu, na ilikuwa imeingia kwenye mito ya kochi na mapazia. Ilipofika saa nne asubuhi, mama alichukua uamuzi. Alitoa viti vyote nje, akavipanga chini ya mti wa makadamia, akaweka chai na viazi vitamu, na wanawake walipofika akawaeleza ukweli wote kabla hawajauliza: kipindi, betri, mfuko, kochi. Nilikuwa nikigawa vikombe. Nilitarajia aibu, na nilikuwa tayari kumlilia mama.

Hakuna aliyecheka. Mzee wa kikundi alisema, "Hebu tuuone." Wakaingia wote sebuleni na nguo zao za kanisani, wakauzunguka ule mfuko, wakaugusa, wakauliza molasi ilikuwa kiasi gani. Mwanamke mmoja alisema na yeye alikiona kipindi kile, lakini kwake watoto walikuwa wakipiga kelele. Mwingine aliuliza kama yule mtaalamu aliinua vidole vitatu au vinne. Wakaketi tena nje, na kabla ya hesabu za akiba wakabishana juu ya vidole mpaka chai ikapoa. Siku hiyo mama alirudi kuwa yeye mwenyewe. Vitambaa alivikunja akavirudisha kwenye sanduku.

Mfuko ulihamishiwa nje, chini ya mwembe. Kisha likaja kosa la pili, lililokuwa kubwa kuliko la kwanza, na lilitokana na upendo. Baba aliupenda mno mfuko ule. Kila siku mbili au tatu aliufungua aone unaendeleaje, akachota konzi, akainusa, akaigeuza kwenye mwanga, akamwita kaka naye aone, kisha akaufunga. Kila alipoufungua, hewa iliingia. Ndani ya mfuko uliozibwa vizuri, vijidudu visivyohitaji hewa hula sukari ya majani na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayozuia kuoza. Hewa ikiingia, ukungu na joto huchukua nafasi, na asidi haipati muda wa kushika.

Mwishoni mwa Januari baba aliumwaga mfuko wote mbele ya Kairu. Majani yalikuwa meusi, yameshikana, na yenye nyuzi nyeupe za ukungu. Kairu alishusha pua, akapumua juu yake, akageuka akatazama ukuta. Baba alisema labda ndivyo inavyokuwa mara ya kwanza, atazoea. Akasema hata kwenye televisheni ilikuwa na rangi nyeusi. Na hapo ndipo sote tukanyamaza, maana hatukuwa na jibu. Kwenye Greatwall yetu nepia mbichi ilikuwa ya kijivu, iliyotiwa mfukoni ilikuwa ya kijivu, udongo ulikuwa wa kijivu na shati la Tonny lilikuwa la kijivu. Tulikuwa tumejifunza kazi nzima bila kujua inatakiwa iwe na rangi gani.

Cucu alikuja polepole na fimbo yake. Akainama, akachukua majani kiganjani, akayaleta puani, akayatupa. Akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie kwa pamoja: "Hii imevunda. Nyinyi mlitaka kuvundika."

Nimeishi na sentensi hiyo miaka yote hii. Ndizi huvundikwa zikaiva. Nyama huvunda ikatupwa. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo masikioni, na kwa nyumba yenye ng'ombe mmoja ni tofauti ya maziwa na njaa. Akamwambia baba, kwa upole, "Mwanangu, ucuru wangu, umewahi kuniona nikiufunua kila asubuhi? Ukifungua unaingiza upepo." Baba akasema, "Ni kweli, mama." Akachukua sepetu, akachimba shimo, akazika kazi yote ya mkesha wa Krismasi.

Ucuru wake, uji uliochachuka, ulijulikana kilima kizima. Aliuchachua ndani ya kibuyu ambacho hakikuoshwa kwa sabuni kamwe, akibakiza kidogo cha jana kuwa mbegu ya kesho, akakifunika, akakiweka gizani. Tangu ujana wake alikuwa akifanya kwa unga kile ambacho mtaalamu wa televisheni alitaka kutufundisha kwa nepia: punguza maji, toa hewa, funika, subiri. Vijidudu vinavyochachua uji na vile vinavyotengeneza saileji ni vya ukoo mmoja. Hakuwa amesoma hilo popote. Alilijua kwa pua.

Mfuko wake tuliufungua Jumatatu, 11 Februari 2013, jioni tulipotoka shule. Naikumbuka tarehe kwa sababu usiku huo ulikuwa wa mdahalo wa kwanza wa wagombea urais Kenya, wote 8 jukwaani, na betri ilikuwa imetunzwa wiki nzima kwa ajili yake. Majirani walikuwa wameanza kufika mapema wapate nafasi ya kukaa. Cucu aliondoa jiwe, akaondoa gunia, akafungua mkonge mzunguko kwa mzunguko. Harufu ikatoka. Mama, aliyekuwa mlangoni, alisema kwa Kimeru neno moja tu: "Ucuru!"

Majani yalikuwa ya rangi ya zeituni iliyoelekea manjano, yametengana, laini. Baba alichota karai, akaliweka mbele ya Kairu, akarudi nyuma. Kairu alinusa, akala. Alikula bila kuinua kichwa, akalamba karai mpaka likawa linasogea sakafuni. Baba alitoka nje kwanza, nadhani hakutaka tumwone uso. Kisha akapita kati ya majirani waliokuwa wakisubiri mdahalo, akiwa na konzi ya saileji, na kila mmoja akainusa kabla ya kuingia. Mdahalo ulipoanza, nusu ya watu sebuleni walikuwa bado wananusa viganja vyao.

Mfuko ule haukudumu wiki mbili, maana ulikuwa mdogo. Lakini siku zile maziwa hayakushuka. Mama alipika chai nyeupe Februari, na hilo halikuwa limetokea tangu nilipopata akili.

Aprili, shule zilipofungwa, nilipelekwa kwa mjomba Nkubu. Ilikuwa safari yangu ya kwanza bila wazazi. Matatu ilishuka kwenye bonde la Thuci na kupanda tena, ikapita Chuka, ikashuka kwenye daraja la Nithi huku abiria wamenyamaza kwa hofu kama wanavyonyamaza wote hapo, ikapita Igoji kwenye migomba na chai. Kwa mjomba kulikuwa na umeme, na televisheni ya rangi. Jumapili nikaketi mbele ya Shamba Shape Up kama nilivyozoea, karibu sana na kioo.

Udongo ulikuwa mwekundu.

Sijui nilitarajia nini. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeyaona mashamba ya kijivu na akilini mwangu yalikuwa mashamba ya watu wengine, ya nchi ya televisheni. Sasa jembe liliingia na ukatoka udongo mwekundu ule ule unaotia doa soksi zangu, ule ulioko chini ya parachichi letu, ule unaopaka kuta za nyumba ya Cucu mvua ikinyesha. Majani yalikuwa ya kijani kama yetu. Nilimwambia mjomba, "Ni kwetu." Akadhani nasema wamekwenda Runyenjes. Nikamwambia hapana, ila ni kwetu.

Greatwall yenyewe haikuishi muda mrefu baada ya hapo. Tarehe 14 Februari 2015, katika ule mvutano wa kuhamia matangazo ya dijitali, Citizen, NTV na KTN zilitoweka hewani kwa karibu wiki 3, na ziliporudi, zilirudi kwa wenye dikoda. Yetu haikuwa na hata tundu la kuichomeka. Baba aliifunika kwa kitambaa kimoja kati ya vile vya mama, kile chenye doa. Mwaka huo huo ada ya kuunganishiwa umeme ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyaya zikaanza kupanda kuelekea kwetu, lakini zilipotufikia tulikuwa tumekwisha kuwa wakubwa, na kila mmoja na simu yake.

Niliporudi kutoka Nkubu ile Aprili ya 2013, kijikaratasi kilikuwa kimefika kanisani. Baba hakuwa amekifungua. Alisema tulikiomba sote, tutakisoma sote. Jioni tukaketi, Cucu kwenye kigoda chake karibu na mlango, na mimi nikapewa nisome kwa sababu nilikuwa nimetoka kuona rangi. Nilisoma juu ya kunyausha majani. Nilisoma juu ya kukandamiza na kutoa hewa, na baba akaitikia kila sentensi kwa kichwa. Nilisoma kwamba usifungue kwa angalau wiki 3, na kaka akainua vidole vyake vitatu. Nikafika mahali paliposema saileji nzuri ina harufu ya matunda yaliyochachuka, au ya siki.

"Rudia hapo," Cucu akasema.

Nikarudia.

"Siki ni nini?"

Mama akamweleza kwa Kimeru, kisha baba kwa Kiembu, na hakuna maelezo yaliyomridhisha. Akaomba karatasi. Akaigeuza, akaitazama ile picha ya saileji ya manjano kwa muda, akaileta puani, akanirudishia. Akainuka, akaenda nyumbani kwake gizani tukisikia fimbo yake kwenye mawe, akarudi na kibuyu na vikombe vya bati. Akatumiminia mmoja mmoja, akaanza na mama.

"Kunyweni," akasema. "Halafu uendelee kusoma."